Si bovu, lilitengenezwa juu: Kitendawili cha matarumbeta ya zamani

*Ala nyingi kuukuu za shaba zinazotupwa stoo kwa madai kwamba "hazikai kwenye noti" hazijaharibika. Zilitengenezwa kwa kipimo cha sauti ambacho dunia imekiacha. Je, zirekebishwe, zihifadhiwe zilivyo au ziuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu?*

Mazoezi ya bendi ya matarumbeta katika ukumbi wa kanisa moja jijini Dar es Salaam yamekwama kabla ya wimbo wa kwanza. Mpiga kinanda amebonyeza noti ya kulinganishia. Matarumbeta mawili mapya yameifuata bila taabu. Tromboni imesogezwa kidogo, ikakaa.

Imebaki yufoniamu, ala nene ya shaba ambayo rangi yake imeshabanduka, yenye nakshi za mkono upande wa mbele: Boosey & Co., 295 Regent Street, London. Inapopulizwa, sauti ni nene na tamu, lakini iko juu ya wenzake wote. Kila mtu ukumbini anaisikia, hata wasiojua kusoma noti.

Mpigaji anavuta slaidi kuu ili kuishusha. Imeganda, inatoka sentimita moja tu, kisha inagoma. Analegeza midomo. Noti inashuka, ila inapwaya na kupoteza nguvu. Simu iliyoegemezwa kwenye kinanda, yenye programu ya kupimia noti, bado inaonyesha ziada ya senti 40, na katika muziki senti 100 ndizo nusu toni moja.

Hapo ndipo ushauri unapoanza kumiminika. Mmoja anasema iuzwe, shaba ina bei. Wa pili anataka bomba likatwe na kuungwa kipande. Wa tatu anaonya kwamba hiyo ni mali ya kale, isiguswe. Ugomvi huu si wa ukumbi huo peke yake. Unazikumba bendi za makanisa, shule na harusi popote zilikobaki ala za enzi za babu zetu, na uamuzi wake mara nyingi hutolewa kwa pupa.

Juu kwa makusudi

Noti ya *la*, ambayo orkestra huitumia kujilinganisha, leo hupimwa kwa mitetemo 440 kwa sekunde. Kipimo hicho ni cha juzijuzi. Kilikubaliwa katika mkutano wa kimataifa uliofanyika London mwaka 1939, kisha Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, likakipitisha mwaka 1955.

Kabla ya hapo kila nchi ilikuwa na kimo chake cha sauti, na wakati mwingine kila mji. Katika karne ya 19 kimo kilikuwa kikipanda, maana ala zilizopandishwa kidogo husikika kali na ang'avu zaidi. Walioumia ni waimbaji, ambao koo zao hazivutwi kama slaidi. Serikali ya Ufaransa iliunda kamati, watunzi Rossini na Berlioz wakiwamo, na mwaka 1859 ikaiweka *la* kwenye mitetemo 435 kwa mujibu wa sheria. Mkutano wa Vienna wa mwaka 1885 uliunga mkono kipimo hicho.

Uingereza ilishika njia yake. Kimo cha bendi zake za jeshi, kilichofungamana na Kneller Hall, chuo cha muziki wa kijeshi kilichoanzishwa mwaka 1857, kilikuwa karibu mitetemo 452.5. Viwanda vya London vilivyozihudumia bendi hizo, Boosey na Besson miongoni mwao, vilipima mabomba yao kwa kimo hicho.

Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 1895 matamasha ya Queen's Hall jijini London, ambayo leo yanajulikana kama Proms, yalianza kwa kimo cha chini kwa sababu daktari wa koo, George Cathcart, alitoa fedha kwa sharti hilo. Mwaka uliofuata Philharmonic Society ikashuka hadi 439. Bendi za jeshi zikafuata mwishoni mwa miaka ya 1920.

Bendi za shaba za raia, zile za migodi ya makaa ya mawe, za viwanda na za Jeshi la Wokovu, zilibaki juu hadi miaka ya 1960. Sababu ilikuwa fedha. Bendi kamili ya Kiingereza ina wapigaji wapatao 25, na haiwezekani kumshusha mmoja ukawaacha wengine. Ama mnabadilisha seti nzima, ama mnabaki mlipo.

Kati ya 452.5 na 440 kuna tofauti ya takriban senti 48, yaani karibu robo toni. Anayezipiga ala hizo zikiwa peke yake hana la kulalamikia. Tatizo linazuka siku zinapokutana na kinanda cha umeme.

Njia iliyozileta kwetu

Ala hizi zilifika Afrika Mashariki kwa milango kadhaa. Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana karibu na Mombasa mwaka 1875, yalikuwa na bendi yake ya matarumbeta. Jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, lilikuja na desturi ya bendi za kijeshi. Jeshi la Wokovu liliingia Kenya mwaka 1921 na Tanganyika mwaka 1933, na popote lilipokwenda lilikwenda na matarumbeta.

Wamisionari Wakilutheri wa Kijerumani nao walileta desturi ya kwao ya kwaya za matarumbeta, ambayo inaendelea hadi leo katika sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Huko Ujerumani kimo kilikuwa kimekwisha kushuka, wakati bendi za Kiingereza zingali juu.

Wenyeji hawakuzipokea ala hizi kwa kuiga tu. Walizaa ngoma ya Beni, iliyoanzia pwani ya Kenya na kuenea hadi bara. Mombasa ilishuhudia ushindani wa Kingi na Scotchi. Tanganyika ikawa na Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger aliifuatilia safari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1975 na kuonyesha jinsi vikundi hivyo vilivyokuwa pia vyama vya kusaidiana. Zanzibar beni bado huisindikiza harusi mitaani, na Dar es Salaam matarumbeta hayakosi kwenye msafara wa bwana na bibi harusi.

Kwa hiyo yufoniamu iliyoandikwa Boosey & Co. ina habari ya kutoa hata kabla ya kupulizwa. Kampuni hiyo iliungana na Hawkes & Son mwaka 1930 na jina likawa Boosey & Hawkes. Jina la Boosey peke yake linamaanisha ala ilitengenezwa kabla ya muungano, na ala ya bendi iliyotoka London wakati huo kwa kawaida ilikuwa ya kimo cha juu. Kwa ala za Marekani, kama za kiwanda cha Conn cha Elkhart, Indiana, kazi ni nyepesi zaidi: nyingi zilipigwa muhuri wa HP kwa kimo cha juu au LP kwa kimo cha chini, na baadhi ya korneti ziliuzwa na slaidi mbili, moja kwa kila kimo.

Kipimo au ugonjwa?

Fundi anayezijua ala hizi haanzi na gesi wala msumeno. Anaanza na karatasi. Anampa mpigaji ala ikiwa imepashwa joto kwa pumzi, anamwomba apige noti zote za wazi bila kubonyeza vali, kisha zile za vali moja moja na za vali kwa pamoja. Mpigaji haruhusiwi kutazama simu, maana akiitazama midomo itaanza kusahihisha yenyewe. Kila noti inaandikwa na senti zake.

> Kosa linalolingana katika noti zote ni kipimo. Kosa linalobadilika noti kwa noti ni ugonjwa.

Yapo makosa ya asili ambayo hayamhusu fundi. Katika bomba lolote la shaba, noti ya tano katika ngazi ya asili huwa chini kwa senti 14 na ya saba kwa senti 31 ikilinganishwa na kinanda. Mpigaji mzoefu huzikwepa kwa vidole vingine. Vali nazo zina deni lao. Ikiwa kila vali imepimwa sawasawa kwa ajili yake peke yake, ya kwanza na ya tatu zikibonyezwa pamoja bomba huwa fupi na noti hupanda kwa karibu senti 30. Zikibonyezwa zote tatu, hupanda kwa zaidi ya 50. David Blaikley wa Boosey aliishughulikia kasoro hiyo kwa hataza yake ya mwaka 1874, iliyopitisha hewa kwenye vibomba vya nyongeza pale vali zinapotumika pamoja.

Yanayobaki ndiyo ya kutibiwa, na mengi ni madogo kuliko watu wanavyodhani.

La kwanza ni uchafu. Mate, mafuta na chumvi hujenga ukoko ndani ya bomba la mwanzo, pale mdomo wa kupulizia unapochomekwa. Hapo bomba ni jembamba kuliko popote, na ukoko mdogo tu unazivuruga noti. Maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi laini hufanya kazi ambayo watu wengi huipeleka kwa fundi.

La pili ni kuvuja. Toa slaidi ya vali bila kuibonyeza vali yenyewe. Ikitoka na mlio wa kufyatuka, vali inashika hewa. Ikitoka kimya, hewa inapita pembeni mwa pistoni iliyolika au kwenye kiungo kilichoachia lehemu. Kizibo cha kutolea mate nacho kikaguliwe. Kikipoteza koki yake, ala nzima huyumba.

La tatu ni mkao wa vali, na hapa yufoniamu ya ukumbini ilikuwa na siri. Ilipopelekwa kwa fundi, alipofungua kifuniko cha vali ya pili alikuta kipande cha ndala kimekatwa duara na kuwekwa mahali pa felti iliyoliwa na miaka. Aliyekiweka alinuia mema. Lakini kilikuwa kinene kuliko felti, hivyo pistoni haikupanda hadi mwisho na matundu yake hayakukutana na mabomba. Hewa ilikuwa ikipita kwenye tundu lenye umbo la mwezi mchanga, mahali palipotakiwa duara kamili. Felti ya unene sahihi ilizituliza noti kadhaa kabla slaidi yoyote haijaguswa.

La nne ni mdomo wa kupulizia wenyewe. Ala za zamani za Kiingereza zina shimo jembamba kuliko za leo. Mdomo mpya hauingii kwa kina chake, unabaki nje milimita kadhaa, na noti za juu ndizo zinazoathirika zaidi. Ni kosa la kununua mdomo mwingine, halihitaji moto.

La tano ni mabonyeo. Bonyeo hubana bomba, na athari yake inategemea lilipo. Penye mgandamizo mkubwa wa hewa litaipandisha noti. Penye mwendo mkubwa wa hewa litaishusha. Ndiyo maana bonyeo moja linaweza kuiharibu noti moja juu na nyingine chini, na jirani zake zikabaki salama. Huinuliwa kutoka ndani kwa mipira ya chuma inayopitishwa bombani taratibu.

Yakishamalizwa hayo, karatasi inaandikwa upya. Kama noti zote sasa ziko juu kwa kiasi kinachokaribiana, basi ala ni nzima na imebaki hesabu.

Hesabu ya slaidi

Kushuka kutoka 452.5 hadi 440 kunahitaji bomba liongezeke kwa karibu asilimia 2.8. Yufoniamu ina bomba la karibu mita 2.9 kwa hesabu ya sauti, kwa hiyo inahitaji kama sentimita 8. Kwa kuwa slaidi ina miguu miwili, kila mguu unaongezeka sentimita 4. Korneti, iliyo nusu ya urefu huo, inatosheka na sentimita 2 kila mguu. Tuba kubwa ya bendi inadai karibu 8.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Slaidi za vali nazo zilipimwa kwa kimo cha juu, hivyo zote ni fupi kwa asilimia ileile. Kwenye yufoniamu, slaidi ya vali ya kwanza inahitaji kama milimita 5 kila mguu, ya pili milimita 2 au 3, na ya tatu karibu 8. Ni vipimo vidogo, lakini vali zikibonyezwa pamoja upungufu unajumlishwa juu ya ule wa asili.

Ala inayoweza kuvutwa kiasi hicho haihitaji zaidi ya slaidi zilizoganda kufunguliwa kwa mafuta, joto la kadiri na subira ya siku kadhaa. Isiyoweza, hutengenezewa slaidi ndefu zaidi. Slaidi ndefu ni bora pia kuliko fupi iliyovutwa hadi ukingoni, kwa sababu fupi huacha ndani uwazi mpana unaovuruga sauti, na ikipata msukosuko mdogo inadondoka.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Sauti hukimbia zaidi katika hewa ya joto, na kwa kila digrii moja ya joto la hewa iliyo ndani ya bomba, noti hupanda kwa takriban senti 3. Pumzi ya mpigaji hupunguza tofauti hiyo kwa kuwa ina joto lake, lakini haiimalizi. Ala iliyopimwa kwa majira ya Uingereza itapanda zaidi ikipigwa adhuhuri ya Dar es Salaam au Mombasa. Kinanda cha umeme hakipandi. Kwa hiyo anayetengeneza slaidi kwa ajili ya pwani aache nafasi ya kuvuta zaidi ya hesabu ya kitabuni.

Pande tatu za hoja

Viongozi wa bendi wana hoja nzito. Wana harusi Jumamosi na ibada Jumapili. Ala mpya ya bei nafuu inakaa kwenye noti siku ileile inaponunuliwa, na vipuri vyake vinapatikana. Mtoto anayejifunza kwa ala iliyo juu hulazimika kuishusha kwa midomo. Huchoka mapema, sauti yake hufifia na sikio lake huzoea makosa. Hakuna mwalimu anayepaswa kulifumbia macho hilo.

Wahifadhi wanaitazama ala hiyohiyo kama ushahidi. Jumba la makumbusho la Horniman jijini London, lililochukua mkusanyiko wa ala wa Boosey & Hawkes mwaka 2004, na mkusanyiko wa Bate wa Chuo Kikuu cha Oxford, vinatunza ala za aina hii. Urefu wa bomba lake unatueleza wazee wetu walisikia nini. Bomba likikatwa au kuungwa kipande, ushahidi huo umefutwa, na ala ya kale iliyorefushwa ovyo hushuka thamani kwa wanaojua.

Mafundi wako katikati. Wanajua kwamba ala isiyopigwa hufa pia. Mate yaliyokauka na hewa ya chumvi ya pwani huiondoa zinki iliyo ndani ya shaba, madoa mekundu hujitokeza kwenye bomba la mwanzo, na siku moja kidole kinapenya. Kabati lenye unyevu si makumbusho.

> Slaidi ndefu inaweza kuchomolewa kesho. Bomba lililokatwa halirudi.

Mwandishi wa makala haya anaona kwamba hoja hizi tatu zinaweza kupatana, ikiwa fundi atashika sharti moja: asiguse kitu ambacho hakiwezi kurudishwa. Slaidi mpya zitengenezwe, za awali zifungwe kwa kitambaa na kutunzwa pamoja na ala. Bendi itapata noti yake na mhifadhi atabaki na bomba lake. Mafundi wa Uingereza walipokabiliwa na tatizo hili miaka ya 1960, wengi walirefusha slaidi na bendi zikaendelea kupiga ala walizozizoea.

Gharama ya pupa

Yufoniamu ya Kiingereza ya kabla ya mwaka 1930 ilitengenezwa kwa mkono, kwa shaba iliyofuliwa hadi unene ambao ala nyingi za bei nafuu za leo hazina. Vali zake zikifufuliwa, itapigwa tena kwa miaka mingi. Ikipimwa kwenye mizani ya vyuma chakavu, inalipwa kwa kilo tu. Mnunuzi haulizi nani aliipiga wala ilipita wapi.

Kibaya zaidi ni kwamba ala hizi haziandikwi popote. Shule na parokia nyingi hazina daftari lenye jina la mtengenezaji, namba ya ala na mwaka ilipopokelewa. Mzee aliyejua ilitoka wapi akifariki, historia inaondoka naye, na mrithi wake anaona shaba tu.

Pa kuanzia

Kazi hii iko ndani ya uwezo wetu. Slaidi ni mabomba mawili yaliyonyooka na kipinde kimoja, yanayohitaji usahihi wa sehemu ndogo ya milimita. Hiyo ni kazi ya mkereza vyuma mzuri, na vyuo vya ufundi vya VETA hufundisha ukerezaji. Kinachokosekana ni mwanamuziki na mkereza kukutana kwenye meza moja, wakiwa na karatasi ya vipimo mbele yao.

Kila kanisa, shule na kikundi cha beni chenye ala kuukuu kinaweza kuanza wiki hii bila kutumia fedha nyingi: kusoma jina na namba, kupiga picha, kusafisha kwa sabuni, kurudisha felti za unene unaostahili, kisha kupima noti zote na kuandika. Karatasi hiyo ndiyo itakayoamua kama inahitajika slaidi, vali au mdomo mpya, au kama ala imechoka kweli na ipumzishwe kwa heshima. Hadi iandikwe, mtu yeyote anayeleta msumeno au mizani aambiwe asubiri, hata kama ni mwenyekiti wa kamati.